Mbingu imekwenda wapi? Historia ya filta ya anga, mpaka Baleni

Samahanini kwa ukimya wa wiki mbili, manake majaribio yalitubana na kila nikikaa kuandika najikuta narudi kwenye madesa ya saikolojia ya elimu. Leo nimejiibia saa tatu maktaba, na nimeamua nizitumie kwa historia. Si mnajua ndiyo somo langu la kufundishia, pamoja na Kiswahili. Ila hii ni historia ambayo sidhani kama itakuja kwenye mtihani wowote hapa Mlimani: historia ya kile kipande cha kioo ambacho juu kina giza la kijivu na chini hakina kitu, wanachokiweka wapiga picha za mandhari mbele ya lenzi ili anga lisiungue. Mafundi wa picha wa mjini wanakiita filta ya gradi. Nami nitaiita hivyo hivyo, kuliko kukaa natunga istilahi halafu BAKITA wanishangae.

Nianze na swali. Hebu chukua picha yoyote ya zamani ya pwani yetu, zile za karne ya 19 au mwanzoni mwa karne ya 20. Ziko nyingi sana mtandaoni siku hizi. Chuo kikuu cha Northwestern kule Marekani kina mkusanyiko unaoitwa wa Winterton, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki kati ya 1860 na 1960, unakaa kwenye kompyuta yako unaziangalia bure. Angalia picha za bandari ya Unguja. Angalia za Bagamoyo. Utaona majahazi, utaona nyumba za mawe, utaona minazi, halafu juu ya minazi utaona... hakuna kitu. Weupe tu, kama shuka lililoanikwa. Hakuna wingu hata moja. Ukiwa mgeni unaweza kudhani huku kwetu karne ile mawingu yalikuwa bado hayajaletwa.

Mimi nimezaliwa Baleni, Mafia, katikati ya kisiwa, na nawaambieni mawingu yapo. Wakati wa vuli yanapanda kutoka baharini kama milima, saa kumi jioni unaona ghorofa saba za wingu zimekaa juu ya minazi. Sasa yamekwenda wapi kwenye picha?

Jibu ni kemia. Sahani za kioo walizotumia wapiga picha wa miaka ya 1850 hadi 1870, zile za kolodioni, zilikuwa zinapakwa dawa, zinapigwa zikiwa bado mbichi, na zinasafishwa hapo hapo kabla hazijakauka (fikiria kuifanya kazi hiyo kwenye joto letu la Februari, ndani ya hema jeusi!). Dawa ile ilikuwa inaona rangi ya buluu na zambarau tu. Nyekundu haioni. Njano haioni vizuri. Kwa hiyo anga la buluu, ambalo kwa macho yetu ni rangi nzito tu, kwa sahani ile lilikuwa kama taa. Ukiipa ardhi muda wa kutosha ionekane, anga limeshaungua zamani. Na ukilipa anga muda wake, ardhi inabaki giza. Huwezi kupata vyote.

Na hapa ndipo niliposimamisha kalamu nikafikiri kidogo. Sahani inayopenda buluu na isiyoiona nyekundu inafanya nini kwa ngozi yetu? Ngozi ya kahawia inarudisha mwanga mwekundu mwingi kuliko wa buluu. Kwa hiyo sahani ile ile iliyolifanya anga la Unguja kuwa jeupe kuliko lilivyo, iliwafanya watu wa Unguja kuwa weusi kuliko walivyo. Mambo mawili kwa mpigo mmoja. James Augustus Grant, yule aliyesafiri na Speke, alipiga picha Unguja mwaka 1860. John Kirk, daktari wa msafara wa Livingstone wa Zambezi ambaye baadaye alikuwa balozi wa Waingereza Unguja, naye alikuwa mpiga picha. Baadaye ikaja studio ya A. C. Gomes, Mgoa, iliyouza picha za Unguja kwa wageni. Wote hawa walifanya kazi chini ya sheria hiyo ya kemia. Sisemi kwamba walikusudia. Ila matokeo ndiyo yale: mandhari yenye anga tupu, na chini yake watu ambao nyuso zao huwezi kuzisoma. Halafu wanafunzi wa historia tunaambiwa picha ni ushahidi wa msingi. Sawa, ni ushahidi. Lakini inabidi ujue shahidi wako alikuwa kipofu wa rangi gani.

Ulaya nako waliliona tatizo la anga mapema, tena liliwaudhi sana kwa sababu wachoraji wao walikuwa mabingwa wa mawingu. Mfaransa Gustave Le Gray, mwaka 1856 na 1857, alipiga picha za bahari ambazo watu walizishangaa: mawingu yapo na mawimbi yapo. Ujanja wake kwa baadhi ya picha ulikuwa kutumia negativu mbili, moja ya anga na moja ya bahari, akaziunganisha pale kwenye mstari wa upeo. Wengine wakaanza kuweka akiba ya mawingu! Yaani unakuwa na sanduku la negativu za mawingu, ukipiga picha ya bonde unachagua wingu linalokupendeza unalibandika. Sasa wewe unayelalamika kwamba vijana wa siku hizi wanabadilisha anga kwa programu ya simu, tulia. Hiyo michezo ina zaidi ya miaka 150.

Lakini anayenihusu zaidi ni Eadweard Muybridge, yule aliyekuja kuwa maarufu kwa picha za farasi anayekimbia. Kabla ya farasi alikuwa mpiga picha wa mandhari huko California, na mwaka 1869 alitangaza kifaa alichokiita kivuli cha anga. Kilikuwa kinapunguza mwanga wa sehemu ya juu ya picha wakati sehemu ya chini inaendelea kupokea mwanga wake wote. Hapo ndipo wazo lenyewe lilipo. Usiunganishe picha mbili baadaye, zuia mwanga wa juu hapo hapo ukiwa umesimama porini. Filta ya gradi ya leo ni mjukuu wa kivuli kile.

Baada ya hapo kemia ikapona polepole. Hermann Wilhelm Vogel, Mjerumani, mwaka 1873 aligundua kwamba ukiongeza rangi fulani kwenye dawa, sahani inaanza kuona kijani na njano. Mwaka 1906 kampuni ya Wratten and Wainwright ya Uingereza ikauza sahani zinazoona rangi zote. Kati ya hapo, mwaka 1890, mabwana wawili Hurter na Driffield walichapisha utafiti wao wa kupima weusi wa negativu kwa hesabu, na hesabu hiyo ndiyo inayotutesa mpaka leo dukani. Umewahi kuona filta imeandikwa 0.3, 0.6, 0.9 ukajiuliza ni nini? Ni logi. Zile logi za kidato cha pili ambazo wote tuliapa hatutakutana nazo tena. Logi ya 2 ni 0.301, kwa hiyo filta ya 0.3 inapitisha nusu ya mwanga, ya 0.6 inapitisha robo, ya 0.9 inapitisha moja ya nane. Kila 0.3 ni hatua moja ya mwanga, wapiga picha wanaita stopu. Basi. Mwalimu wangu wa hesabu pale sekondari, popote ulipo, zimepata kazi.

Nikirudi kwenye filta zenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwepo filta za anga za rangi ya njano, juu njano iliyokolea, chini haina kitu, kwa ajili ya picha nyeusi na nyeupe. Njano inazuia buluu. Wengine walitumia njano au nyekundu nzima. Ansel Adams mwaka 1927 alipopiga ule mwamba wa Half Dome kule Yosemite alitumia filta nyekundu, anga likatoka jeusi karibu kama usiku. Ukija kwenye picha za rangi ujanja huo haufai, utapata dunia nzima nyekundu. Hapo ndipo kijivu kikahitajika, kijivu kisicho na upande, kinachopunguza rangi zote sawasawa.

Mwaka 1978 Mfaransa Jean Coquin akaleta Cokin: filta za mraba za plastiki ngumu na kishikizo cha kuzichomeka mbele ya lenzi. Uzuri wa mraba ni kwamba unaweza kuisogeza juu na chini mpaka mstari wa giza ukae pale upeo ulipo, tofauti na filta ya duara ambayo mstari wake uko katikati utake usitake. Ilikuwa rahisi, kila mtu akanunua. Kulikuwa hata na za rangi ya tumbaku, ndiyo maana kadi nyingi za posta za miaka ya 1980 zina anga la rangi ya chai ya maziwa. (Binafsi sizipendi. Anga la namna hiyo sijaliona hata siku ya kuchoma mashamba.)

Aliyezipa heshima ni Mmarekani Galen Rowell, mpanda milima, aliyekufa kwenye ajali ya ndege mwaka 2002. Yeye alikuwa anapiga slaidi za rangi, na slaidi ni kali mno, inabeba tofauti ya hatua kama 5 tu kati ya kiza na mwanga. Alishirikiana na kampuni ya Singh-Ray kutengeneza gradi za kijivu zenye jina lake, za nguvu tofauti, zenye mpaka mgumu na mpaka laini. Nadhani hapo ndipo swali la kuchagua lilipozaliwa, kwa sababu sasa huulizi tena "nitumie filta?" bali "nitumie ipi?"

Sasa tuje nyumbani.

Mafia iko karibu nyuzi 8 kusini ya ikweta. Jua linapita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari, na jioni halizami kwa kulala upande kama huko Ulaya. Linashuka wima, kama jiwe, dakika kama 20 giza limeshaingia. Kwa hiyo vitabu vya Wazungu vinavyokwambia "subiri ile saa nzuri ya jioni" vinakudanganya bila kukusudia. Kwetu si saa, ni muda wa kuchemsha chai.

Ukiwa ufukweni Kilindoni unaangalia magharibi, mbele yako ni bahari na ng'ambo ni delta ya Rufiji. Upeo umenyooka kama rula. Hapo mpaka mgumu ndiyo wenyewe: unaushusha mpaka kwenye mstari wa maji, juu giza, chini wazi, hakuna atakayejua. Jua likiwa linagusa maji, 0.9 haizidi. Kuna hata gradi za kinyumenyume ambazo giza lake limekolea pale katikati kwenye upeo na linapungua ukienda juu, zimetengenezwa kwa ajili ya dakika ile tu. Ni nzuri, lakini ni kununua kiatu cha kuvaa siku ya Idi peke yake.

Panda sasa pikipiki uje Baleni. Huku hakuna upeo. Kuna minazi. Mnazi mmoja mrefu, mwingine mfupi, mwembe umekaa kama kichuguu, mikorosho, halafu paa la makuti. Ukiweka mpaka mgumu hapa, kila kitu kinachovuka mstari kinakatwa: shina la mnazi chini lina rangi yake, juu ghafla ni mkaa. Picha inakuwa kama imevaa kofia. Kwa hiyo Baleni inataka mpaka laini, ambao giza linapungua polepole na jicho halioni lilikoanzia. Na nguvu? Dawa ni kupima. Elekeza kamera kwenye majani chini, soma. Elekeza kwenye anga, soma. Hesabu hatua. Usichague filta inayomaliza tofauti yote, acha anga liwe na mwanga zaidi japo kwa hatua moja, kwa sababu dunia ndivyo ilivyo. Anga likiwa jeusi kuliko shamba, hata mtoto wa chekechea atakwambia hiyo picha ina mvua ya uongo. Kwa tofauti ya hatua tatu, ya 0.6 inatosha.

Kitu kingine ambacho wauzaji hawasemi: lenzi inayoona upana mkubwa inaufanya mpaka laini uonekane mgumu zaidi, na lenzi ya kuvuta mbali inaufanya mpaka mgumu uonekane laini. Kwa hiyo usiniulize "ipi nzuri" kabla hujaniambia una lenzi gani.

Halafu nikafika kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike haya yote. Filta ya gradi inadhani kitu gani? Inadhani kwamba juu ya upeo kuna anga peke yake. Yaani hakuna mtu aliyesimama. Mtu akisimama mbele ya kamera, miguu yake iko kwenye ardhi na kichwa chake kiko kwenye anga. Weka 0.9 ya mpaka mgumu, kichwa chake kinapata moja ya nane ya mwanga. Na kama ni mtu wa rangi yetu, aliyesimama juani na anga nyuma yake, tumerudi kwa Grant na Kirk mwaka 1860. Safari hii kemia imepona, sisi wenyewe ndio tumemfunika.

Si bahati mbaya. Angalieni filta hii ilikokulia. Muybridge alipiga Yosemite mwaka 1867 na tena 1872. Adams alipiga Yosemite maisha yake yote. Picha zao ni za bonde tupu, miamba na maji, kana kwamba Mungu amemaliza kuumba jana. Lakini bonde lile lilikuwa na wenyewe, Waahwahneechee, na mwaka 1851 kikosi cha wanamgambo kilichoitwa Mariposa kiliwaingilia na kuwafukuza. Mwaka 1864 Rais Lincoln akasaini bonde litunzwe kwa ajili ya umma. Utupu ule ulitengenezwa kwanza kwa bunduki, ndipo ukapigwa picha. Sisi Watanzania tusijifanye hatuijui hadithi hiyo. Mwaka 1959 Wamaasai walihamishwa kutoka Serengeti kwenda Ngorongoro, na mwaka huo huo Bernhard Grzimek akatoa filamu yake ya Serengeti ikapata Oscar. Nyumbu wengi, anga kubwa, watu hakuna.

Mafia kidogo tumepona. Hifadhi ya bahari ilipoanzishwa mwaka 1995 vijiji viliachwa ndani yake, Chole, Juani na Jibondo wapo mpaka leo, ingawa ugomvi wa nyavu na mipaka haujaisha. Lakini ukitafuta picha za Mafia kwenye intaneti leo unapata nini? Mchanga, maji ya buluu, papa potwe, jua linazama. Mpaka mgumu, 0.9. Ukiwataka watu inabidi uende kwa wanazuoni, kwa mfano Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake kijiji cha Kanga mwaka 1965 na akawa anarudi miaka na miaka. Kwake watu wamejaa na wana majina. Anga lao siwezi kulidai, alikuwa na kazi nyingine.

(Kuna picha za vita zilizotokana na Mafia ambazo hazikuwa na shida ya anga kabisa. Mwaka 1915 Waingereza waliuteka mkono huu wa Wajerumani, wakaifanya Mafia kituo cha ndege za kuitafuta manowari Königsberg iliyojificha Rufiji, na wakaipiga picha kutoka hewani. Manowari ikaangamizwa Julai 11. Ukipiga kutoka juu kwenda chini anga huna, umelikalia. Naona hiyo ndiyo njia pekee ya kulikwepa suala hili, na ni ghali.)

Sasa kwa nini haya yananikera mimi, mwanafunzi wa ualimu mwenye bumu la kuhesabu? Kwa sababu ya bibi. Bibi yangu ana shamba la minazi Baleni, aliachiwa na babu, na minazi yenyewe imezeeka. Haizai. Familia imekaa kikao ikakubali ikatwe, mbao ziuzwe, pawekwe mikorosho. Fundi wa msumeno amesema atakuja upepo wa kusi ukipungua. Nilipompigia simu kumsalimu mwezi uliopita, baada ya shikamoo na habari za masomo, akaniambia anataka picha. Amesimama shambani, minazi yote nyuma yake, na mbingu.

Nikamwambia nitaazima kamera nzuri ya jamaa yangu chumbani, nitakuja likizo. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Sawa mjukuu wangu. Lakini usinitoe kama mkaa. Ile ya harusi ya mama yako nimesimama pale, nionekana kanga tu."

Ile picha naijua. Ipo ukutani sebuleni. Mpiga picha alitoka mjini, alisimamisha ukoo mzima jua likiwa nyuma yao, na kweli ukiiangalia unaona kanga na magauni na meno. Bibi ni kivuli. Shamba linaonekana vizuri sana.

Basi tangu simu ile nimekuwa nasoma haya mambo usiku badala ya kulala, na kila nilichosoma nakipima kwa swali moja: nitapataje minazi, na wingu, na uso wa bibi, vyote pamoja, kwa siku moja, bila kurudia, kwa sababu msumeno ukipita hakuna kurudia?

Njia ya Le Gray ipo, picha mbili zinaunganishwa. Simu zetu zinafanya hivyo hivyo zenyewe kimya kimya, zinapiga kadhaa na kuzichanganya. Shida ni upepo. Kusi likivuma makuti hayatulii, ukiunganisha unapata kuti moja lina vivuli viwili vitatu. Kwa mwamba wa Yosemite sawa, kwa mnazi wa Mafia hapana.

Filta ya mpaka mgumu nimeshaeleza. Hiyo inamkata bibi shingo.

Iliyobaki ni ya mpaka laini, 0.6, na isikae imenyooka. Kishikizo kinazunguka, unaweza kulilaza giza kwa pembeni. Bibi asimame upande wa kulia wa picha, giza lishuke kutoka kona ya juu kushoto, lipite juu ya vichwa vya minazi, lififie kabla ya kufika usoni kwake. Na jambo kubwa kuliko filta ni saa. Tupige asubuhi, saa moja na nusu hivi, bibi ameelekea mashariki, jua linampiga usoni, na anga la nyuma yake ni la magharibi ambalo asubuhi bado ni buluu tulivu. Hapo tofauti ya anga na ardhi inashuka sana, labda hatua mbili tu, na filta inabaki na kazi ndogo. Mdogo wangu atashika shuka jeupe chini upande wa pili kurudisha mwanga kidevuni. Mafundi wa mjini wana vifaa vyake vya fedha na dhahabu, shuka linatosha.

Nimejaribu hapa chuoni kwa rafiki yangu mmoja mrefu, tukaenda nyuma ya mabweni kwenye miti jua likichomoza, nikashika mbele ya lenzi kipande cha gradi nilichoazimwa, kwa mkono, bila kishikizo. Uso wake umetoka. Mapore yote ya chunusi yameonekana, amenikataza kuiweka hapa. Wingu nalo lilikuwepo, dogo, lakini lipo.

Kwa hiyo bumu likitoka nanunua moja tu. Laini, 0.6, ya upana wa milimita 85, ya plastiki. Ile ya kioo ni bora, haipati michubuko upesi na rangi yake haiegemei zambarau kama plastiki za bei rahisi, ila bei yake ni chakula cha mwezi. Hizi za 85 kwa lenzi ndogo ya jamaa yangu zinatosha, ukivaa lenzi pana zaidi kona zinaanza kuonyesha kishikizo. Na kabla ya kununua nitaiweka juu ya karatasi nyeupe mlangoni mwa duka, kwenye mwanga wa nje. Kijivu kikiwa na uwaridi, namrudishia mwenyewe.

Boti ya kutoka Nyamisati nitaichukua wiki ya kwanza ya likizo, bahari ikiruhusu. Mdau yeyote mwenye kishikizo cha 85 asichokitumia anitafute, niko bweni lile lile, nitakirudisha kizima. Bibi ameshanunua kanga. Nimemwomba isiwe nyeupe.